Kabla ya kulipia nyumba ya likizo, uliza pesa zako zitakaa kwa nani

*"Tunataka kwenda likizo ya wiki moja ufukweni, watu wanane: mimi na mume wangu, watoto wetu watatu, dada yangu na mumewe, pamoja na mama yangu ambaye magoti yanamsumbua. Hotelini tungehitaji vyumba vinne, kwa hiyo tumeamua kukodi nyumba nzima. Sijawahi kukodi nyumba ya namna hii. Nimepata moja nzuri sana kwenye jukwaa kubwa la kimataifa, ina nyota 4.9. Nilipomwandikia mwenye nyumba alinijibu vizuri, kisha akasema nikimtumia pesa zote benki moja kwa moja atanipunguzia asilimia 30, kwa sababu jukwaa linamkata sana. Wakati huohuo kuna wakala mwenye tovuti nzuri, yenye nembo ya IATA na alama ya kufuli pale juu kwenye anwani, anakodisha nyumba inayofanana na hiyo kwa bei ya chini zaidi. Shemeji yangu anasema kampuni kubwa ndizo salama, basi. Lakini rafiki yangu aliibiwa pesa kupitia kampuni kubwa: aliandikiwa ndani ya programu yao athibitishe kadi yake. Nimuamini nani? Na nitajuaje kwamba nyumba ninayoiona kwenye picha ndiyo nitakayoikuta? Safari ni baada ya miezi minne."*

Dada yangu, asante kwa kuandika kabla ya kulipa. Barua nyingi za namna hii hunifikia pesa zikiwa zimeshaondoka, na hapo nabaki na machache ya kusema. Naona kinachokukosesha usingizi: watu wanane, mabegi, watoto wamechoka, mama amekaa garini magoti yanamuuma, nawe umesimama mbele ya geti ukipiga simu isiyopokelewa. Una haki ya kuhofia hivyo, na kwa sehemu kubwa jambo hilo linazuilika ukiwa bado nyumbani kwako.

Shemeji yako na rafiki yako wote wanasema kweli, ndiyo maana umechanganyikiwa. Kampuni kubwa ina ulinzi ambao mtu binafsi hawezi kukupa, lakini ulinzi huo hukoma pale unapotoka nje ya utaratibu wake. Kwa hiyo mtu akiniuliza kampuni gani ni ya kuaminika, mimi humrudishia swali jingine: tangu utakapolipa hadi utakapofungua mlango wa nyumba ile, pesa zako zitakuwa mikononi mwa nani? Ukilijibu hilo, hayo mengine utayaona kwa urahisi zaidi.

Tuanze na punguzo la asilimia 30, maana hapo ndipo ulipo ukingoni.

Vrbo, jukwaa la Marekani la kukodi nyumba za likizo, lilipoanza mwaka 1995 lilikuwa kama ubao wa matangazo. Mwenye nyumba analipia tangazo, mgeni analiona, wanamalizana wenyewe. Makundi ya Facebook na tovuti za matangazo madogomadogo bado ziko hivyo hadi leo: anayebandika tangazo habebi dhamana ya lolote. Majukwaa makubwa ya sasa yamebadilisha jambo moja la msingi, nalo ni njia ya pesa. Ukilipa kupitia Airbnb, kwa mfano, pesa hukaa kwa kampuni, na mwenye nyumba hulipwa takriban saa 24 baada ya muda wako wa kuingia. Hizo saa 24 ndizo ninazotaka uzishike. Ukifika ukakuta nyumba haipo, au ni nyumba nyingine kabisa, mtu uliyemlipia bado hajashika kitu, na kampuni ina sababu ya kukusikiliza. Ukimtumia benki moja kwa moja, umeziuza zile saa 24 kwa asilimia 30. Tena jukwaa halitakuwa na kumbukumbu yoyote kwamba uliweka nafasi kwao, kwa hiyo ukilalamika wataangalia kwenye mfumo na kukuambia hawakujui.

Je, mwenye nyumba huyo ni tapeli? Si lazima. Wapo watu waaminifu kabisa wanaochoshwa na makato. Lakini hebu tupige hesabu. Makato ya majukwaa makubwa, ukijumlisha ya mwenye nyumba na ya mgeni, huzunguka asilimia 15, wakati mwingine kidogo zaidi. Anayekupa punguzo la asilimia 30 anatoa karibu mara mbili ya anachookoa, kwa mgeni asiyemjua, miezi minne kabla ya safari, huku akitaka alipwe zote. Mwenye nyumba anayekwepa makato hufanya hivyo ili abaki na chochote. Hugawana akiba na mgeni, akampa asilimia 5 au 10. Hesabu isiyomwachia muuzaji faida yoyote inakutaka ujiulize faida yake inatoka wapi.

Kuna jambo jingine ambalo wasomaji wengi hawalifikirii. Zile nyota 4.9 ni za tangazo. Mtu anayekuandikia leo anaweza kuwa ameiba nywila ya akaunti ya mwenye nyumba halisi. Nyumba ipo, wageni waliosifia walilala humo kweli, ila unayezungumza naye hana hata funguo.

Hilo ndilo lililompata rafiki yako, kwa njia tofauti kidogo. Kwa miaka kadhaa sasa matapeli wamekuwa wakiingia kwenye akaunti za hoteli na wenye nyumba walioko kwenye jukwaa la Booking.com, kisha kuwaandikia wageni ndani ya mazungumzo rasmi ya programu. Wanajua jina lako, tarehe zako, hata idadi ya vyumba, kwa sababu wanayasoma pale pale. Ujumbe husema kadi yako haikupita, uthibitishe kwa linki hii ndani ya saa chache, la sivyo nafasi inafutwa. Linki inakupeleka kwenye ukurasa uliochorwa kama wa kampuni, na ukiandika namba za kadi umeshaibiwa. Rafiki yako hakuwa mzembe. Aliamini mazungumzo kwa sababu yalikuwa mahali sahihi. Kinga yake ni kutolipia chochote kwa linki uliyotumiwa, hata ikija ndani ya programu yenyewe. Funga ujumbe, nenda kwenye ukurasa wa nafasi yako, uone kama kuna deni. Kama hakuna deni pale, hakuna deni.

Sasa namna ya kulipa, maana hapa watu hudhani pesa ni pesa tu. Unapotuma kwa benki au kwa simu, wewe ndiye umeagiza pesa ziende, na benki imetii. Kuzirudisha kunategemea kama bado zipo kwenye akaunti ya aliyepokea, na tapeli huzitoa ndani ya dakika chache. Kadi inakwenda kwa utaratibu mwingine. Visa na Mastercard zina kanuni zinazoiruhusu benki yako kudai pesa zirudi kutoka kwa benki ya muuzaji iwapo huduma haikutolewa, na kwa kawaida una siku 120 za kudai, zikihesabiwa tangu siku ambayo huduma ilipaswa kutolewa. Kwako wewe unayelipa miezi minne kabla, hilo la tangu lini lina maana kubwa. Benki yako inaweza kuwa na masharti yake ya nyongeza, kwa hiyo waulize kabla. Kama huna kadi ya mkopo, benki nyingi hutoa kadi ya kulipia mtandaoni unayoijaza kiasi unachotaka; hiyo nayo ni afadhali kuliko kutuma pesa kwenye akaunti ya mtu.

Tena, usidhani kila nyumba iliyo kwenye jukwaa kubwa hulipiwa kwa njia moja. Kwenye Booking.com, kampuni iliyoanzia Uholanzi mwaka 1996, nyumba nyingine hulipiwa kupitia kampuni, nyingine mwenye nyumba mwenyewe hukata kwenye kadi yako, nyingine unalipa ukifika. Zote tatu ni halali, lakini kinga zake hazilingani. Kabla ya kubonyeza, soma ule mstari mdogo unaosema nani atakutoza na lini.

Nije kwa wakala. Alama ya kufuli maana yake ni kwamba mawasiliano kati ya simu yako na tovuti hiyo yamefichwa, mtu wa katikati hawezi kuyasoma. Haisemi lolote kuhusu uaminifu wa mwenye tovuti, na tapeli huipata bure. IATA ni chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, na nembo yake inahusu uuzaji wa tiketi za ndege. Hata ikiwa ya kweli, haimkagui mtu anayekodisha nyumba, na kunakili picha ya nembo ni kazi ya sekunde mbili. Vitu hivyo viwili vimewekwa pale ili vikutulize, na inaonekana vimefanya kazi yake.

Vya kuangalia ni vingine. Kwenye lookup.icann.org andika jina la tovuti uone lilisajiliwa lini; wakala anayejigamba kwa uzoefu wa miaka kumi huku jina la tovuti lina miezi mitatu amejijibu mwenyewe. Mwombe jina kamili la kampuni na namba ya usajili, uitafute kwenye msajili wa makampuni wa nchi husika, na uone kama akaunti anayotaka ulipie ina jina hilohilo. Akikuambia ulipie akaunti ya mtu binafsi kwa sababu "ya kampuni ina tatizo kidogo", ishia hapo. Halafu mwulize ana mkataba gani na mwenye nyumba. Wakala halisi anayesimamia nyumba huwa ameshaingia ndani yake. Mwulize dirisha la jikoni linatazama wapi, au bomba la maji ya moto liko upande gani. Anayejua hujibu bila kufikiri. Asiyejua hukutumia tena zile picha ulizokwisha kuziona.

Na hata wakala wa kweli anaweza kufilisika. Thomas Cook ya Uingereza ilianguka tarehe 23 Septemba 2019 ikiwa na miaka 178, wateja wake wapatao 150,000 kutoka Uingereza wakiwa ng'ambo. Waliokuwa wamenunua safari zilizolindwa na ATOL, mpango wa Uingereza wa kulinda pesa za wasafiri, walirudishiwa pesa za safari ambazo hawakuwahi kuzianza; fedha zilitoka kwenye mpango huo, jina kongwe la kampuni halikusaidia. Novemba 2025 kampuni ya Marekani ya Sonder, iliyokodisha fleti na vyumba vya muda mfupi katika miji mingi, ilisimamisha shughuli mara tu baada ya kampuni ya hoteli ya Marriott kuvunja mkataba nayo, na wageni waliokuwa tayari ndani wakatakiwa kutoka. Kwa hiyo mwulize wakala yeyote, mkubwa au mdogo: mkifunga kesho, pesa zangu zinalindwa na nani? Mwenye jibu atakutajia mfuko, bima au akaunti ya amana, nawe utahakikisha kwa huyo aliyetajwa.

Sitaki ukaondoka ukidhani kumlipa mwenye nyumba moja kwa moja ni haramu. Baadhi ya likizo nzuri nilizozipanga zilikuwa hivyo: nyumba iliyorudiwa na familia moja mwaka hadi mwaka, mwenye nyumba anayejulikana, mkataba wa kurasa mbili, malipo ya awali ya robo kwa kadi, iliyobaki wakikabidhiwa funguo. Njia hiyo inafaa ukiwa na mtu unayemwamini aliyelala humo, au aliye karibu na anayeweza kwenda kuiona. Wewe huna hata mmoja kati ya hao, na ni mara yako ya kwanza. Mwaka huu lipia kupitia jukwaa. Yale makato unayoyaona kama hasara ndiyo bei ya mtu wa katikati kushika pesa.

Picha sasa, ili usiuziwe mbuzi kwenye gunia.

Wakati mmoja msomaji alinitumia tangazo la nyumba ya vyumba vinne, bei nzuri, bahari dirishani. Picha zilikuwa kumi na moja, na mwanzoni sikuona kasoro. Nikaanza kuzikuza moja moja. Kwenye chumba cha kulala, nyuma ya taa ya mezani, kulikuwa na tundu la umeme la pini tatu za mstatili, lile la Kiingereza. Jikoni, juu ya kaunta, matundu yalikuwa mawili ya mviringo. Nikarudi sebuleni: mviringo. Nyumba moja haiwekewi umeme wa nchi mbili. Tulipoitafuta picha ya chumba kwa Google Lens ikatokea kwenye tangazo la fleti inayouzwa, nchi nyingine. Hakulipa.

Fanya vivyo hivyo. Chukua picha tatu nne za tangazo lako, si ile ya mbele tu, uzipitishe kwenye Google Lens au TinEye. Kisha zikuze. Tazama matundu ya umeme, vitasa, rangi ya fremu za madirisha, vigae vya sakafu vinavyopita mlangoni kutoka chumba hadi chumba. Hesabu milango. Lensi pana hukifanya chumba kionekane ukumbi, na dalili yake ni kitanda kilichovutika pembeni au mlango uliolala kidogo. Kadiria ukubwa kwa kitu kisichodanganya, kama mto wa kulalia. Na uangalie kisichoonyeshwa. Nyumba inayosema ina mabafu matatu ikaonyesha moja, omba mengine mawili. Njia bora kuliko zote ni simu ya video ya dakika kumi, ndani ya jukwaa kama inaruhusu, mwenye nyumba akianzia nje ya geti na kutembea hadi kitanda cha mwisho. Asipokuwa na nafasi leo, mwambie wiki ijayo. Una miezi minne.

Jambo moja lisikutishe: majukwaa mengi huficha anwani kamili hadi ulipe, yakaonyesha duara tu kwenye ramani. Ni kawaida, ni kwa usalama wa mwenye nyumba. Unachoweza kupima ni "dakika tano hadi ufukweni". Kwa miguu au kwa gari? Fungua ramani uone kama kati ya duara na maji kuna barabara kuu isiyo na pa kuvukia.

Nyota 4.9 ina thamani, ila ndogo kuliko unavyodhani. Wageni wengi huona aibu kumpa alama mbaya mtu aliyewakaribisha vizuri, hivyo nyumba nzuri na nyumba ya wastani zote huishia juu ya 4.5. Airbnb walijaribu kupunguza hofu hiyo mwaka 2014 kwa kuficha maoni ya pande zote mbili hadi wote wawili waandike au siku 14 zipite, na ilisaidia, lakini upole wa watu haukuisha. Kwa hiyo acha nyota, soma maneno. Anza na ya karibuni, maana nyumba huchakaa na wasimamizi hubadilika. Tafuta neno "lakini". "Nyumba nzuri sana, lakini maji yalikatika siku mbili" ni habari. Malalamiko ya mtu mmoja yanaweza kuwa ya mtu mmoja. Yakirudiwa na watatu katika miezi tofauti, nawe utayakuta. Soma pia majibu ya mwenye nyumba. Anayemtukana mgeni aliyelalamikia kunguni ndiye utakayempigia wewe saa nne usiku. Na kama maoni yote yameandikwa ndani ya wiki mbili, kwa sifa zilezile zisizotaja hata chumba kimoja, yachukulie kama hayapo.

Kwa ajili ya mama, usiridhike na maneno "inafaa kwa wazee". Uliza ngazi ngapi kutoka gari linaposimama hadi mlangoni, na ngapi kutoka mlangoni hadi kitanda chake na choo chake. Uliza namba. Uliza kama bafu lina kizingiti cha kuruka au beseni la kupanda, na kama kuna cha kushika. Jihadhari na "ghorofa ya kwanza": kwa wengine ndiyo iliyo chini kabisa, kwa wengine ni baada ya kupanda ngazi moja nzima. Kuna familia niliyoisaidia kupanga, bibi yao alilala sebuleni wiki nzima kwa sababu ya neno hilo. Tangu hapo siachi kuuliza, na jibu nalitaka kwa maandishi ndani ya jukwaa, kwa sababu jibu lililoandikwa pale ndilo utakalolionyesha mambo yakienda kombo.

Kwa ajili ya watoto, kama kuna bwawa, uliza lina uzio na geti la kujifunga, au liko wazi mbele ya mlango wa sebule. Uliza kama kuna king'ora cha moshi, na kama maji yanachemshwa kwa gesi ndani ya nyumba, kama kuna king'ora cha kaboni monoksidi. Gesi hiyo haina harufu na huua watu usingizini. Kuhusu kamera, Airbnb ilipiga marufuku kamera zote ndani ya nyumba kuanzia tarehe 30 Aprili 2024. Za nje lazima zitajwe kwenye tangazo. Kwenye jukwaa jingine lolote, uliza.

Uhalali wa nyumba yenyewe watu huusahau. Miji kadhaa inadai namba ya usajili kwa kila nyumba ya muda mfupi. New York ilianza kusimamia sheria yake Septemba 2023: kukaa chini ya siku 30 ni lazima mwenyeji awepo nyumbani, na wageni wasizidi wawili. Familia ya watu wanane inayopata "nyumba nzima kwa wiki moja" katika mji wa namna hiyo imepata nafasi inayoweza kufutwa wakati wowote, hata kama mwenye nyumba ni mwaminifu. Tafuta sheria ya mahali mnapokwenda, na kama usajili unahitajika, tafuta namba kwenye tangazo.

Bei nitaipitia haraka. Usilinganishe bei ya usiku mmoja. Ada ya usafi hutozwa mara moja, ulale siku mbili au kumi, na dhamana ya uharibifu huongezwa juu yake. Chukua jumla ya mwisho kabisa, gawanya kwa siku zenu saba, ndipo ulinganishe. Masharti ya kughairi nayo soma tarehe na saa, na saa za wapi. Mkiwa na mgonjwa safarini, nyumba ghali kidogo inayorudisha pesa hadi siku tano kabla ni nafuu kuliko ya bei ya chini isiyorudisha kitu.

Siku mkifika, kabla mabegi hayajafunguliwa, tembea nyumba nzima ukipiga video, ukifungua mabomba na kuwasha taa. Tatizo lolote liandike ndani ya jukwaa siku hiyohiyo. Airbnb inakutaka uripoti ndani ya saa 72 tangu ulipoligundua. Wengine wana muda mfupi zaidi. Na ikitokea mwenye nyumba akakupigia mkiwa njiani kusema bomba limepasuka, ila ana nyumba nyingine nzuri vilevile mtaa wa pili, usiseme ndiyo kwa simu. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine ile nyumba nzuri haikuwahi kuwepo, na hiyo ya pili ndiyo aliyotaka kuwapa tangu mwanzo. Mwambie aiandike kwenye jukwaa, uione kwanza kwa picha na bei mpya, ukiwa bado na haki ya kukataa na kurudishiwa.

Kuna hali ambazo maandishi yangu hayatoshi. Kama wewe au rafiki yako mmetoa namba za kadi kwa linki ya kutiliwa shaka, pigieni benki sasa hivi wafunge kadi, kisha mwende wenyewe tawini kujaza fomu ya madai mkiwa na picha za skrini za mazungumzo yote. Taarifa ya polisi nayo chukueni, maana benki nyingi huiomba. Kama jumla ya kodi ni kubwa kiasi kwamba ikipotea itaiyumbisha familia, au mmeletewa mkataba wenye vifungu msivyovielewa, mpelekee mwanasheria ausome kabla ya sahihi. Na kama magoti ya mama yanahitaji zaidi ya kukwepa ngazi, ongea na daktari wake au mtaalamu wa viungo kuhusu kitanda na choo anavyohitaji, kisha urudi kwa mwenye nyumba na orodha hiyo.

Leo hii, mwandikie mwenye nyumba ndani ya jukwaa, kwa heshima: "Asante kwa ofa yako. Sisi tutalipia kupitia hapa kwa bei ya kawaida. Naomba tupige simu ya video wiki hii nione nyumba kuanzia getini, na naomba idadi ya ngazi hadi chumba cha chini." Mwenye nyumba halisi atafurahi, kwa sababu amepata wageni wa wiki nzima bila kupunguza hata senti. Akinyamaza, au akarudia kukuomba namba ya simu mzungumze pembeni, bonyeza kitufe cha kuripoti tangazo na uendelee kutafuta. Huyo wakala mwache asubiri hadi alete namba ya usajili.

Ukipata jibu lake na hujui ulipime vipi, nitumie kama lilivyo, tulisome pamoja.